Nimepewa kipindi redioni kabla sijamaliza diploma. Niache chuo?

Dada, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 22, nasoma diploma ya uandishi wa habari katika chuo kimoja cha huku Kanda ya Ziwa. Nimeshamaliza ngazi ya 5 ya elimu ya ufundi (NTA), bado mwaka mmoja wa ngazi ya 6. Sasa hivi niko fildi kwenye redio moja hapa Mwanza. Fildi yetu ni ya wiki nane, zimebaki mbili.

Mwanzoni nilikuwa wa kutumwa tu. Kafuate chai, kanunue vocha, kampokee mgeni getini. Halafu mtangazaji wa kipindi cha mchana akaugua ghafla, meneja wa vipindi akaniambia niingie studio nisome salamu na kupiga muziki mpaka apatikane mtu. Dada, sikutetemeka hata kidogo. Simu zikaanza kuingia, watu wanauliza huyu kijana ni nani. Tangu siku hiyo kipindi kile nakiendesha mimi.

Wiki iliyopita mkurugenzi kaniita ofisini. Anasema kipindi ni changu, saa saba mchana mpaka saa kumi, Jumatatu hadi Ijumaa, lakini chuo nikiache kwa sababu ratiba zinagongana. Mshahara bado hakuna. Nitapewa nauli ya elfu tano kwa siku, na asilimia 10 ya kila tangazo nitakaloleta. Nilipouliza mkataba akasema tutauona mbele ya safari. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe hajawahi kukaa darasa la uandishi wa habari na leo anamiliki kituo, na kwamba kipaji hakifundishwi.

Mama yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Ada ananilipia yeye akisaidiana na mjomba aliyeko Geita. Mama hataki kusikia habari ya kuacha. Mjomba anasema ajira siku hizi imekuwa almasi, ukiipata ishike. Wanafunzi wenzangu wananionea wivu, maana wengine wamepelekwa ofisi za halmashauri na kazi yao ni kumpiga picha mkurugenzi akipokea madawati.

Kuna jambo jingine linanisumbua. Nimepelekwa mara mbili kwenye mikutano na waandishi wa habari, na baada ya mkutano tukagawiwa bahasha. Ya kwanza nilikuta elfu ishirini. Kaka mmoja mwandishi mzoefu aliniambia nikikataa nitawaharibia wenzangu. Nikapokea. Chuoni mwalimu wa maadili alitufundisha vingine kabisa. Sasa sijui nimsikilize nani.

Natakiwa kumpa mkurugenzi jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nisaidie.

Kijana wa Maiki, Mwanza

*

Marahaba, mdogo wangu. Na hongera. Kukaa studio bila kutetemeka, simu zikaingia zenyewe, si jambo dogo, na nitakayoyasema hapa chini yasikufanye ulidharau. Ila jibu langu nalitanguliza ili usisome kwa wasiwasi: usiache chuo. Kipindi nacho usikitupe. Nitakueleza namna ya kuvishika vyote viwili.

Tuanze na hesabu, maana naona katika barua yako umeandika "ajira", na mimi nilipotafuta hiyo ajira sikuiona. Elfu tano kwa siku, siku kama 22 za mwezi, ni laki moja na elfu kumi. Toa daladala ya kwenda na kurudi, toa chakula cha mchana, toa bando la kutafutia vitu vya kuzungumza hewani. Umebaki na nini? Hiyo asilimia 10 nayo inaingia tangazo likishalipiwa, si likishasomwa, na mfanyabiashara wa mjini akikwambia "nitamalizana na ofisi" anaweza kumaliza miezi mitatu hajamalizana. Tena hujaambiwa tangazo likija lenyewe kwa sababu ya kipindi chako litahesabiwa la nani. Ukilitazama vizuri, umepewa kazi mbili, ya mtangazaji na ya afisa masoko, kwa malipo ya nauli.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi kwa maandishi: ni kazi gani, ya mahali gani, saa ngapi, malipo kiasi gani. Mwajiri anayekutaka uache chuo leo, lakini karatasi "mbele ya safari", amejiwekea mlango wa kutokea. Wewe hana alichokuwekea. Mtangazaji yule mgonjwa akipona mwezi ujao, au akitokea kijana mwingine mwenye sauti tamu na anayekubali elfu tatu, utamshika mkurugenzi kwa lipi?

Tuje kwenye sheria ya fani yetu. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ndiyo iliyoanzisha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na kanuni zake za mwaka 2017 zikaweka kiwango cha chini cha elimu kuwa diploma ya uandishi wa habari au fani inayohusiana. Kwa miaka kadhaa jambo hili lilikuwa la kwenye karatasi. Watu walipewa muda wa kwenda kusoma, muda ukaongezwa, wengi wakalichukulia kama tangazo la kifo cha mtu wasiyemjua. Sasa Bodi ipo na inafanya kazi, vitambulisho inatoa, na kuelekea Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025 ilikuwa inakumbusha mara kwa mara kwamba asiye na ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi hiyo, asijiite mwandishi. Wapo wanaoipinga sheria hii kwa hoja nzito, wakisema si kazi ya dola kuamua nani ni mwandishi. Baadhi ya hoja zao hata mimi nakubaliana nazo. Lakini wewe una miaka 22 na umebakiza mwaka mmoja tu kupata karatasi hiyo inayotakiwa. Usijigeuze mfano wa kesi ya watu wengine.

Usije ukaambiwa pia kwamba wewe ni wa muziki na salamu tu kwa hiyo hayakuhusu. Leo ni muziki. Siku mkuu wa wilaya akipita studio ghafla na meneja akakwambia "mhoji huyo", umeshaingia kwenye habari.

Hoja ya mkurugenzi kwamba hakusoma naielewa, tena huenda ni ya kweli kabisa. Lakini iweke kwenye wakati wake. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukitaka kutangaza Tanzania Bara ulikuwa unakwenda Radio Tanzania Dar es Salaam, na kule hukupewa maiki kabla wakongwe hawajakukalia kooni miezi kadhaa kuhusu matamshi, lafudhi na namna ya kuandika sentensi ya kusomwa kwa sauti. Hiyo nayo ilikuwa shule, ila haikuwa na mahafali. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua milango kwa watu binafsi, vituo vikazaliwa kwa kasi kuliko vyuo vilivyoweza kutoa watu. Shule ya Uandishi wa Habari Tanzania, iliyoanza mwaka 1975 na baadaye ikaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa inatoa wahitimu wachache. Huko kwenu Nyegezi, ambako kulianza kufundishwa tangu mwaka 1960 na leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), nako vivyo hivyo. Kwa hiyo vituo vilichukua sauti popote vilipozikuta: disko, kanisani, kwenye maigizo. Huenda bosi wako ni mmoja wa waliopita kwenye mlango huo. Sasa mlango una mlinzi, na mlinzi anauliza cheti.

Lakini tuseme sheria haipo kabisa. Bado ningekwambia umalize, na hapa ndipo nataka unisikilize zaidi.

Sauti ni kitu kimoja, uandishi wa habari ni kingine. Wewe ni mtu wa Mwanza, utakuwa unakumbuka tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na gati la Ukara. Ndani ya siku chache idadi ya waliofariki ilitoka makumi ikafika zaidi ya 200. Jifikirie umekaa kwenye kile kiti chako mchana wa siku kama ile. Simu zinaingia kama kawaida, ila sasa si salamu. Mmoja analia anasema watu mia tano wamekufa. Mwingine anataja jina la nahodha na kumtukana. Mwingine anauliza kama mdogo wake yumo, anataja jina lake kamili hewani. Muziki unaucheza au unauzima? Idadi ipi unaisema, na unasema umeipata kwa nani? Jina la marehemu unalitaja kabla mama yake hajaambiwa? Hayo hayaji kwa kipaji. Yanakuja kwa mtu aliyekwishakaa na mhariri mkali akamwuliza "nani kasema?" mpaka swali hilo likaanza kumjia lenyewe. Mtu huyo unakutana naye darasani kidogo, na fildi zaidi.

Ndiyo maana barua yako imenitia wasiwasi sehemu ambayo wewe hukuiona ina tatizo. Umekaa wiki sita kwenye chombo cha habari na hujanitajia hata habari moja uliyoiandika. Chai, vocha, studio, mikutano miwili. Kosa si lako, vyumba vingi vya habari havina mtu wa kumshika mkono mwanafunzi, anayeonekana mwepesi wa miguu anatumwa na anayeonekana na sauti anawekwa hewani. Lakini msimamizi wako wa chuo akifika na kukifungua kile kitabu cha kumbukumbu za kila siku, ataona nini? "Jumatatu: nimepiga muziki. Jumanne: nimepiga muziki."

Una wiki mbili. Zitumie hivi. Kesho asubuhi mfuate mhariri wa habari, si meneja wa vipindi, umwambie unaomba asubuhi zako zote ziwe dawati la habari na mchana utaendelea na kipindi. Hatakukatalia mtu wa bure. Usiende kwake mikono mitupu, nenda na wazo la habari. Nikupe moja: daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na watu wote wakaandika juu ya magari yanavyopita. Wale mama lishe, wauza matunda na vijana wabeba mizigo waliokuwa wanaishi kwa foleni ya kivuko, wamekwenda wapi? Panda gari nenda. Zungumza na watu, rekodi, halafu mtafute afisa wa halmashauri aseme kuna mpango gani kwa ajili yao. Umepata habari ya dakika tatu yenye sauti za watu, na haikuhitaji mkutano wa mtu yeyote.

Nyingine iko kwa mama yako. Mwaloni Kirumba ni mojawapo ya masoko makubwa ya dagaa na samaki ukanda huu, wanunuzi wanatoka mpaka Kongo. Bei ya gunia inapandaje na kushuka, nani anaipanga, mvua ikinyesha dagaa wakiwa wameanikwa hasara anaibeba nani? Mama yako anajua zaidi ya wachumi wa mkoa mzima. Ila yeye mwenyewe usimhoji, ni mzazi wako, mwombe akutajie wengine. (Na ukimwendea kwa swali la kazi yake badala ya swali la kuacha chuo, mazungumzo yenu ya jioni yatakuwa mepesi.)

Tena kuna baraza la madiwani. Linakaa kila robo mwaka, mikutano yake ni ya wazi, na waandishi wengi wanakwenda kusikiliza hotuba ya ufunguzi kisha wanaondoka. Wewe baki. Kaa mpaka pale diwani wa kata ya pembezoni anaposimama kuuliza zahanati iliyoanza kujengwa imekwama wapi. Ukitoka hapo fungua ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ya halmashauri hiyo, zinawekwa wazi kila mwaka zikishawasilishwa bungeni, utafute kama zahanati hiyo imetajwa. Ukiweza kuoanisha hayo mawili na kumpata mkurugenzi wa halmashauri ajibu, umefanya kazi ambayo watu wenye miaka kumi kazini hawaifanyi.

Kila unachokitoa kihifadhi kwako: sauti, andiko lako kabla halijahaririwa, na andiko baada ya mhariri. Hilo la tatu wanafunzi wanalipuuza, na ndilo darasa lenyewe. Weka mawili pembeni kwa pembeni uone alichofuta na alichohamisha. Siku ya kuomba kazi hutamwambia mtu kwamba una kipaji, utamfungulia faili.

Na mahakamani je? Ukipelekwa, fuatana na mzoefu. Usirekodi ndani bila ruhusa, na kesi ikihusu mtoto, jina lake, picha yake, hata jina la shule yake lisitoke. Hapo sina mjadala.

Sasa bahasha. Mwalimu wako ndiye mkweli. Maadili ya taaluma, pamoja na yale ya Baraza la Habari Tanzania, hayaruhusu mwandishi kupokea kitu kwa mtu anayemwandika. Lakini yule kaka naye hakukudanganya kuhusu maisha yake. Waandishi wengi wa mikoani hawana mshahara, wanalipwa kwa habari inayotoka, na malipo ya habari moja pengine hayafiki nauli aliyotumia kuifuata. Kwake ile elfu ishirini ni chakula cha usiku. Nalijua hilo, na sitamwita mwizi. Ila wewe angalia linavyokwenda: baada ya muda hamwendi tena palipo na habari, mnakwenda palipo na bahasha, na mwenye bahasha anajua. Ukimpigia siku moja kumwuliza swali gumu atakukumbusha. Ya kwanza umeshaipokea, yamepita. Zinazokuja sema kwa upole, "mimi ni mwanafunzi, chuo kinatukataza", kisha ondoka. Sababu hiyo haimtukani mtu. Itumie ungali nayo, maana ukishahitimu utahitaji nyingine. Nauli ya kwenda kazini idai ofisini kwako, si kwa mwenye mkutano.

Nirudi kwa mkurugenzi. Usiende kumwambia hapana. Nenda na pendekezo. Mwambie hivi: "Bosi, nashukuru kwa kuniamini. Naomba nimalize mwaka wangu mmoja. Naomba kipindi cha Jumamosi na Jumapili ili wasikilizaji wasinisahau, na likizo nitafanya siku zote. Naomba tuandikiane malipo ya kila kipindi, hata yakiwa madogo. Nikihitimu utakuwa na mtangazaji mwenye diploma na ithibati, hutahangaika na mtu." Hiyo sentensi ya mwisho iseme taratibu. Ithibati ya wafanyakazi wake ni mzigo wake pia, na wewe unampunguzia.

Akikubali, hata kwa karatasi moja yenye saini mbili, umepata ulichokitaka na chuo hujakiacha. Akikataa akasema ni Jumatatu hadi Ijumaa au basi, atakuwa amekujibu mwenyewe alikuwa anakuthamini kiasi gani. Mwanza haina redio moja. Sauti iliyowafanya watu wapige simu mchana wa siku ya kazi itapigiwa simu kwingine, na redio za jamii za wilayani, za kama Sengerema, mara nyingi zinampa kijana nafasi ya kufanya kila kitu, kuanzia habari za asubuhi hadi mahojiano na mganga mkuu. Zinalipa kidogo, lakini utatoka ukiwa unajua kazi.

Ikitokea hali ya nyumbani imebana kiasi kwamba ada haipatikani kabisa, usipotee kimyakimya. Wanafunzi wengi wanafanya hivyo, halafu wakirudi wanakuta wamefutwa. Nenda kwa msajili uombe kuahirisha masomo kwa maandishi, upewe barua, uulize muda wa mwisho wa kurudi ni lini. Ila katika barua yako sikuona kwamba mama ameshindwa. Niliona mkurugenzi ana haraka.

Mjomba mpigie mwenyewe, usimwachie mama kazi hiyo. Mpe zile hesabu za nauli nilizokupa hapo juu, zote, na za hiyo asilimia 10. Mtu anayechangia ada yako akizisikia kutoka mdomoni mwako ataelewa kwa nini umeomba mwaka mmoja zaidi. Na kabla ya Ijumaa hakikisha msimamizi wako wa redio amesaini kile kitabu kwa wiki sita zilizopita. Watu wa redio wanahama kama ndege, usije ukamtafuta mwezi ujao ukaambiwa yuko Kahama.